Cherehani ya Bibi, Birika la Babu

Jamani, haya hamtaamini, na mimi kama nisingekuwepo nisingeamini. Kura za ubunge zililingana! Sisemi zilikaribiana. Zililingana kabisa, za babu yangu na za mtu aliyemlea mwenyewe, na katika kura zote hizo kuna moja, si yangu, iliyopigwa na kidole changu. Subirini kwanza, nianze na cherehani.

Babu yangu Ningappa alikuwa dereva wa trekta ya watu. Bibi yangu Gangavva alikuwa fundi nguo, cherehani yake ya miguu ipo barazani mpaka leo, na wanawake wote wa kijiji chetu, Malanur, wamevaa blauzi za mkono wake. Mwaka Babu alipoamua kugombea Bunge la jimbo hakuna chama kilichomtaka. Kwetu mgombea asiye na chama anachagua alama, maana wengi walikuwa hawasomi, wanatafuta picha tu kwenye karatasi. Ofisa akamwonyesha picha zilizobaki: ndoo, ngazi, kitanda, cherehani. Babu hata hakufikiria. Akainyooshea kidole cherehani.

Sasa hapa kuna jambo. Kwetu mwanamke wa umri wa Bibi hamtaji mume wake jina. Hamtaji kabisa! Anamwita Baba Rudra, kwa jina la mtoto wa kwanza, au anasema "yule wa nyumbani". Haya, utampigiaje kampeni mtu ambaye jina lake hulitamki? Bibi akapita nyumba kwa nyumba, utepe wa kupimia shingoni. "Akina mama, cherehani. Msisahau cherehani."

Wanawake wakamtania. "Cherehani ndiyo nani, Gangavva? Mtaje basi!"

Anajifunika uso kwa sari, anacheka. "Hamna adabu nyie. Cherehani ni cherehani."

Basi likawa ndilo jina la Babu mdomoni mwake. "Cherehani ameshakula?" "Mwambieni Cherehani mvua inakuja, aanue nguo." Nimezaliwa nikalikuta.

Babu akashinda. Akaleta daraja. Akakataa wenye machimbo ya mawe wasichukue malisho ya kijiji, na uchaguzi uliofuata wenye mawe wakamwangusha. Akarudi kwenye trekta, Bibi akashona, Babu akagombea tena, akashinda, akashinda tena. Watu wakamzunguka wakaunda chama, alama ikawa ile ile. Mmoja wao alikuwa Somappa, yatima aliyeanza kwa kubeba kipaza sauti. Alilala kwetu miaka, amekuzwa na mikate ya mtama na biringanya za Bibi. Akawa katibu wa chama. Halafu mwaka juzi chama kikapasuka. Somappa akaondoka na wajumbe wengi, na tume ya uchaguzi ikaamua kwamba kwenye wengi ndiko kwenye chama. Jina likaenda kwake. Na cherehani ikaenda kwake.

Siku hiyo Babu alikaa barazani karibu na ile cherehani ya kweli, akizungusha gurudumu lake kwa kidole.

Alama yake mpya? Birika. Birika la chai!

Ingekuwa zamani, Bibi angebeba birika kichwani akazunguka nalo. Lakini Bibi wa sasa macho yake yameingia giza, mikono inatetemeka, na kumbukumbu inakuja na kuondoka. Mikutano ya Babu tunamkalisha mbele, Babu anapanda jukwaani, ameinua birika juu, na Bibi anapaza sauti kwa nguvu zake zote, "Cherehani! Akina mama, cherehani!" Umati unacheka mpaka unalia. Baba Mkubwa Rudra akataka abaki nyumbani.

"Baba, anakupigia kampeni ya adui!"

"Adui gani?" Babu akasema. "Ananiita mimi. Mwacheni, na mtu yeyote asimsahihishe."

Hata Somappa mwenyewe alikuja, nguo nyeupe, vijana wake wamebaki nje. Akainama akamgusa Bibi miguu kwa heshima.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Mama. Somu."

"Somu! Umekonda. Umekula?"

"Nimekula, Mama." Alikuwa anamwangalia Babu kwa jicho la pembeni. "Mama, usinipigie kampeni. Watu wanacheka, na mimi naona aibu."

"Wewe nakupigia ya nini?" Bibi akashangaa. "Kwani na wewe unagombea?"

Babu ndiye aliyecheka wa kwanza. Somappa akacheka pia, halafu akafuta macho akasema vumbi.

Siku ya kura ikafika. Asubuhi Babu akaniita jikoni. Asiyeona anaruhusiwa kuingia na mtu wa kumbonyezea mashine ya kura, na Bibi alikuwa amenitaka mimi.

"Chaitra," Babu akasema, "atakachokuambia, bonyeza hicho. Umenisikia?"

"Babu, unajua ataniambia nini."

"Kura ni yake. Yangu nimeshaenda kuipiga." Akanionyesha kidole chenye wino, akarudi kwenye chai yake. Alikuwa anasema huu ndio mwisho, akianguka sasa hagombei tena.

Simu nikamwachia Baba Mkubwa kwenye geti la kituo cha kura, haziruhusiwi ndani. "Wewe fanya akili," akaninong'oneza. "Bibi yako haoni. Nani atajua?"

Foleni ya wanawake ilimpokea Bibi kama bi harusi. "Gangavva, leo unampa nani? Mtaje basi, tumezeeka, sheria imeisha!"

"Nampa mume wangu!" Bibi akajibu. "Nimpe nani mwingine, mume wako?" Foleni nzima ikaangua kicheko, mpaka askari.

Ndani, ofisa akanisomea kiapo polepole: nitabonyeza anachotaka mpiga kura, na sitamwambia mtu yeyote kilichobonyezwa. Nikaweka sahihi. Nilikuwa nimeshapiga yangu, kidole cha kushoto kina wino. Sasa wakanipaka na cha kulia. Nikamshika Bibi mkono tukaenda nyuma ya ubao, kwenye mashine. Cherehani ilikuwa juu. Birika lilikuwa chini yake, jirani kabisa.

"Cherehani," Bibi akanong'ona.

"Bibi," nami nikanong'ona, "mwaka huu Babu ni birika."

"Nini?"

"Birika. Alama ya Babu ni birika. Cherehani ni Somappa."

Akainamisha kichwa. Nikadhani imemwingia. Halafu akanipapasa shavu, kama mtu anayemtuliza mtoto aliyeota vibaya.

"Mwanangu, nani anagombea na birika? Mimi nampigia mume wangu. Bonyeza cherehani, tumalize, hajala yule."

"Bibi, siwezi kubonyeza vyote viwili."

"Nani kakuambia vyote? Mume wangu. Cherehani."

"Binti, haraka," ofisa akasema kutoka mezani.

Nikanyoosha kidole. Nikabonyeza. Mashine ikalia, kikaratasi cha kuthibitisha kura kikaonekana nyuma ya kioo, kikaanguka ndani.

"Tayari?" Bibi akauliza.

"Tayari, Bibi."

"Asante, mwanangu."

Getini Baba Mkubwa akanirudishia simu huku ananisoma uso. Nikainamia simu. Hata haikuwa imewaka.

Siku ya kuhesabu tulijazana mjini, kwenye chuo kilichofanywa kituo. Raundi hii Somappa juu, raundi ile Babu. Raundi ya mwisho wakajumlisha kura zote. Sawa. Wakahesabu tena. Sawa! Ofisa mkuu akatoa miwani, akaivaa, akasema sheria ipo: kura zikilingana, zinapigwa kura za bahati. Akaandika majina mawili, akayakunja sawasawa, akayatia kwenye mtungi wa maji uliokuwa pale, mtupu, akautikisa.

Baba Mkubwa akanigeukia mbele ya watu wote. "Chaitra! Ulibonyeza nini?"

Ndugu zangu, nilihisi kila jicho la ukoo ule. Nikafungua mdomo.

"Funga mdomo," Babu akaniambia. Hakuwa mkali. "Amekula kiapo, Rudra. Mwulize tena uone."

"Lakini Baba, kura moja tu!"

"Na wewe jirani yako uliyemtukana juzi kwa ajili ya ng'ombe alipiga ngapi? Mwache mtoto."

Ofisa akaingiza mkono, akatoa karatasi, akaifungua. "Somappa."

Vijana wa Somappa wakalipuka, maua, ngoma, kila kitu. Yeye mwenyewe alipita katikati yao akaja akainama miguuni kwa Babu, na Babu akamwinua kwa mabega. "Lile daraja linahitaji rangi," akamwambia. "Na malisho wasiguse." Basi.

Njia nzima ya kurudi hakuniuliza. Hata kwa macho hakuniuliza. Tulimkuta Bibi barazani, amesikia gari, ameshanyoosha mkono hewani kumtafuta.

"Baba Rudra, ndiyo wewe? Imekuwaje?"

Sote tukasimama. Babu akavua viatu, akakaa chini karibu naye, karibu na cherehani, akaushika ule mkono.

"Cherehani imeshinda," akasema.

Bibi aliwaka uso mzima! "Nilikuambia! Si nilikuambia? Chaitra alinibonyezea vizuri." Akamgusa shavu. "Mbona umelowa? Umetoka jasho hivyo? Mleteeni mkate, huyu hajala."

Na Babu akala. Kila akimega tonge, Bibi anahesabu na kusema bado, ongeza.

Mimi niliapa, kwa hiyo kilichobonyezwa msiniulize, nitakufa nacho. Nawauliza nyinyi. Hebu simama pale nyuma ya ubao, mkono wa Bibi uko kwenye wako, amekuambia mume wangu, amekuambia cherehani, na ofisa anasema haraka. Wewe ungebonyeza ipi?