Mwalimu Danieli Anavuta Pumzi

Kila somo lilianza kwa shikamoo, na hilo ndilo lililoniudhi kwanza. Utamkaripiaje mtu uliyemwamkia sasa hivi? Mwalimu Danieli alikuwa na umri wa kunizaa, kiongozi wa kwaya ya Walutheri kule Magamba, mtu wa heshima zake, na mimi Shabani ndiye niliyetwishwa kazi ya kumfundisha gitaa la besi. Akishaitikia marahaba anakaa, analipakata gitaa kama mtoto wa jirani, nami kichwa kinaanza kuniuma.

Aliyeniponza ni Selemani, mkuu wa bendi yetu pale Lushoto. Nilimwendea nikamweleza kwamba mke wangu Zuhura ni mjamzito, yuko peke yake kule bondeni Magoma, kwenye kijiji kipya cha ujamaa, shamba tumegawiwa na hana wa kumsaidia kulima. Tena ameniletea salamu kwa kondakta wa basi: nisipoteremka kabla hajajifungua, basi nisiteremke tena. Selemani akakuna kidevu. "Nenda," akasema, "ila niachie mtu wa kushika besi. Akilipiga dansi la Sabasaba bila kutuangusha, funga mzigo wako." Mtu mwenyewe akamchagua yeye: Mwalimu Danieli, eti anajua muziki.

Anajua muziki! Hilo ndilo balaa. Asiyejua kitu ungemwambia, "Shika uzi huu mnene, piga sauti moja, sikiliza ngoma, usifanye kingine," naye angefanya. Mwalimu Danieli nikimpa sauti moja ananiongezea tatu za mapambo. Nikimwambia amsikilize mpiga ngoma, anafumba macho anasikiliza malaika. Vidole vilimtoka malengelenge na hakulalamika hata siku moja. Hilo nalo liliniudhi, maana angelalamika ningepata sababu ya kumkataa.

Mapambo tuliyamaliza kwa ugomvi. Likabaki jambo moja, na hilo ndilo lililotaka kunitia wazimu. Kila wimbo ukifika mwisho wa mstari, Mwalimu ananyamaza. Ngoma inakwenda, magitaa mengine yanakwenda, besi kimya! Halafu anarudi taratibu, kama hakuna lililotokea.

"Mwalimu, mbona unasimama?"

"Wanavuta pumzi."

"Akina nani?"

"Waimbaji. Mwisho wa mstari lazima wavute pumzi."

"Gitaa halina mapafu!" Nilipiga kelele mpaka waliokuwa nje wakachungulia dirishani. "Mwimbaji akinyamaza, hapo ndipo wewe unatakiwa uwepo! Ukinyamaza na wewe, anayecheza atakanyaga wapi?"

"Nimekusikia, mwanangu," akasema kwa upole. "Lakini maisha yangu yote nimewafundisha watu wapumue pamoja. Mkono unasimama wenyewe."

Tukarudia. Akasimama. Tukarudia tena. Akasimama. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu wangu alikwisha kaushwa zamani. Nilimwona Zuhura akifungasha vyombo kurudi kwa baba yake, nikatamani kulia.

Sabasaba ikiwa imekaribia, tukaitwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kuchimba matuta kwenye mteremko chini ya msitu wa Magamba. Tulijipanga mstari, majembe yanashuka pamoja. Mwalimu Danieli alisimama pembeni anaongoza wimbo, kama kawaida yake. Nikamtazama. Anaimba, anavuta pumzi, majembe yanaendelea. Anaimba tena, anavuta pumzi, majembe yanaendelea. Lo! Nikatupa jembe nikamfuata.

"Shikamoo Mwalimu. Leo hutaimba. Ingia mstarini uchimbe."

Watu wakaguna. Mmoja akauliza kwa sauti kama mimi nimelelewa au nimeokotwa. Lakini Mwalimu alivua koti, akachukua jembe, na mkewe, Mama Marta, akaupokea wimbo. Mwisho wa mstari wa kwanza wa wimbo Mwalimu akasimama, nusura jembe la jirani limkate kidole cha mguu. "Twende, Mwalimu!" wakamfokea pande zote mbili. Akasimama tena, wakamfokea tena. Hata jua lilipofika utosini alikuwa hasimami, jasho linamtiririka, mdomo ameufunga. Jioni ile akapiga wimbo mzima bila kukata. Sikumsifu. Nilikwenda kufunga mzigo.

Siku ya Sabasaba dansi lilianza mchana, ukumbi umejaa mpaka milangoni. Nilikaa kwenye ngazi za nje, begi miguuni, tayari kuruka ndani akiteleza. Hakuteleza. Sauti chache, nzito, kila moja mahali pake, kama nilivyomfundisha. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu. Niliwaza kwamba Selemani atatoka kunitafuta, walau aniage. Hakutoka. Wallahi nilikasirika. Zuhura ananingoja, njia imefunguka, nami nimekaa pale namwombea mzee wa watu akosee, hata mstari mmoja!

Wakapumzika kidogo. Watu wakatoka kupunga upepo, na miongoni mwao Mwanahawa, muuza mboga wa sokoni asiyekosa dansi letu hata moja. Akaniona, akanipiga bega huku anajifuta jasho.

"Shabani! Jamani leo umepiga! Kule nyuma nilikobanwa sikukuona, lakini besi yako haijawahi kukolea namna hii."

Nikamwambia ahsante. Nikachukua begi langu, nikateremka kwenda kutafuta basi la Mombo.