Kisanduku cha Ogola Hakipokei Simu

Nelima alibonyeza kitufe, na papo hapo akajua amejifungia nje.

Alikuwa ofisini Kisumu, akirekebisha kwa mbali seva ya ghala la baridi la samaki kule Port Victoria. Nia yake ilikuwa kuwazuia wadukuzi, lakini mstari mmoja aliuandika vibaya, na seva ikamfungia kila mtu, yeye akiwa wa kwanza. Kibaya zaidi, seva hiyo haikuweza tena kuzungumza na mitambo ya baridi, na mitambo ile isiposikia amri hujizima.

Ghalani mlijaa samaki, mbuta wa akina mama wa soko zima, waliongoja lori la jioni. Akampigia Waswa, mlinzi wa ghala.

"Mzee Waswa, tafadhali ingia chumba cha kompyuta."

"Niingie na nini, madam? Ufunguo uko na meneja, na meneja yuko matanga Ugenya. Halafu huku mitambo imenyamaza kabisa."

Kufika huko kwa gari kungemchukua karibu saa tatu. Samaki hawangemngoja.

Ikabaki njia moja. Ogola, fundi aliyestaafu mwaka jana, aliacha kisanduku kidogo chenye laini yake ya simu, kimeunganishwa mgongoni mwa seva kwa waya wa konsoli. Waya huo hautumii mtandao wa seva. Ni kama mlango wa jikoni, unaofunguka hata wa sebuleni ukikwama. Kilichotakiwa ni kukipigia kisanduku kwa simu ya ofisi, iliyounganishwa na kompyuta yake, kiamke na kumuunganisha Nelima na seva.

Akapiga. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, akaiacha iite. Wapi! Akamtafuta Ogola, simu yake ilikuwa imezimwa.

Ndipo simu yake mwenyewe ikaita mara moja na kukatika. Alikuwa Mama Dorca, mwenye samaki wengi kuliko wote. Nelima akampigia kwa simu ya ofisi, kama alivyozoea.

"Nelima, mwanangu, Waswa ananiambia mambo gani? Samaki wangu wameamua kuota jua?"

"Narekebisha, Mama. Nipe muda kidogo."

"Mimi muda ninao. Samaki ndio hawana."

"Na jambo zito hivi unaniflashi tu, Mama?"

"Sasa nimalize salio langu na wewe una simu ya ofisi? Mimi nagusa, nakata, nangoja. Nisipokata, wewe utanipigia vipi?"

Nelima akaaga haraka. Ogola! Mzee yule hakuwa mtu wa kupiga simu; hata mkubwa wake alimflashi, kisha akangoja apigiwe. Na siku ya kuaga alikipapasa kile kisanduku akasema, "Huyu nimemlea mwenyewe."

Akachukua simu ya ofisi. Ikaita mara moja. Akakata, akakaza macho kwenye kompyuta.

Simu ile ikaita yenyewe, na dirisha jeusi likafunguka, tupu. Akabonyeza Enter, kama mtu anayepiga hodi, na herufi nyeupe zikajitokeza: seva ilikuwa ikimuuliza jina lake. Akaingia, akaufuta mstari ule mbaya, akaiamuru mitambo iwake.

Waswa akapiga simu mwenyewe. "Madam, imenguruma! Nimechungulia ghalani, barafu bado ngumu."

Jioni Mama Dorca alituma picha ya lori likipakiwa, naye mwenyewe kasimama kando, mkono kiunoni, akicheka. Nelima alikuwa bado anaitazama simu ilipoita mara moja na kukatika. Ogola. Akampigia kwa simu ya ofisi.

"Ulinitafuta?"

"Nilitaka kuuliza kisanduku chako kinaamshwaje, Mzee. Sasa basi. Nilikiflashi."

"Kikakupigia?"

"Mara moja."

Ogola akacheka mpaka akakohoa. "Mtoto mzuri yule. Haya kata, usije ukamaliza salio la ofisi."