Kiti cha Upande wa Bahari

Wazo lilikuwa la mkewe, lakini ujinga ulikuwa wa bwana mwenyewe, na hilo tulimalize mapema. Mkewe alikuwa amebakiza wiki chache ajifungue, tena mapacha, na alitaka mama zao wote wawili waje kumsaidia. Shida ni kwamba mama hao walikuwa wamenuniana tangu siku ya harusi. Katika picha kubwa ya sebuleni, mama mzazi wa bwana amejaa tele na kilemba chake. Mama wa bibi harusi, nyuma yake, kaonekana kiwiko tu. Kila mmoja alikuwa ameapa hatalala nyumba moja na mwenzake.

"Wapeleke wakapunge upepo baharini," mkewe alimwambia. "Ila wakirudi hawasemeshani, hao watoto utawaogesha wewe."

Bwana huyu ni mpima ardhi, mtu anayelipwa kujua kaskazini iko wapi. Alipiga hesabu zake. Kiti cha mbele alikipakia kreti ya soda na mkeka, makusudi, asije mmoja akaketi mbele akajiona malkia. Yakabaki madirisha mawili ya nyuma. Barabara ile inaambaa na ufukwe hadi kwenye mnara wa taa: kushoto bahari mwanzo mwisho, kulia ukuta wa kiwanda cha saruji na migongo ya maghala.

"Wakati wa kwenda, mama yangu atakaa kushoto," akatangaza. "Wakati wa kurudi mtabadilishana. Haki sawa kwa wote."

Alijisikia hakimu kabisa, maskini.

Walipoacha mitaa ya mjini, bahari ikafunguka, na mazungumzo yakaanza, yote yakipitia kwake.

"Baba, mwambie mama yako apandishe kioo. Mchanga unaniingia machoni."

"Mwambie mama mkwe wako huo ni upepo wa bahari. Angekuwa anaiona, angejua."

"Tazameni mawimbi yanavyopiga ule mwamba!" akasema dereva kwa furaha ya kulazimisha.

"Mimi naona ukuta," mama mkwe akajibu. "Umepakwa chokaa vizuri."

Kwenye mnara wa taa walikunywa soda wakipeana visogo. Kisha ukafika wakati wa kubadilishana. Mmoja alizungukia nyuma ya gari, mwingine mbele, wasije wakakutana. Mama mkwe aliketi kushoto kwa heshima zote, akafuta kioo kwa pindo la nguo yake, akatulia kusubiri bahari yake.

Gari likageuka kurudi mjini. Bahari nayo ikahamia kulia.

Mpima ardhi aliliona hilo mikono ikiwa bado inazungusha usukani. Alikanyaga mafuta, akaomba kimoyomoyo kiwanda kiwe kimehama. Wapi! Ukuta ukaja uleule, na chokaa yake ileile.

Huko nyuma mama mkwe akafuta kioo tena.

"Nimeuona wakati wa kwenda," mama mkwe akasema hatimaye, kwa upole wa kutisha. "Nauona wakati wa kurudi."

Mama yake alitazama bahari iliyojaa dirishani kwake, akatazama ukuta, akaelewa. "Wewe si mpima ardhi?" akamfokea mwanawe. "Na watu wanajenga nyumba kwa kukuamini?"

"Mama, nilisahau kwamba gari..."

"Nyamaza!" Halafu, kwa mara ya kwanza tangu harusi, akamgeukia mwenzake. "Mimi huyu nimemzaa, sikatai. Lakini akili hii hakuitoa kwangu."

Mama mkwe akaguna. "Na ile picha?"

"Usinisukumie ile picha! Niliambiwa sogea mbele mama, sogea tena. Nikasogea. Nina macho kisogoni?"

"Nani alikwambia?"

Kwenye kioo cha ndani, macho manne yakaelekea kisogo cha dereva.

Ukweli ni kwamba aliyesema sogea alikuwa mpiga picha, mtu wa haraka zake. Bwana harusi siku ile hata jina lake mwenyewe alikuwa halikumbuki vizuri. Akafungua kinywa ajitetee. Ndipo akaona kiooni kwamba mama yake ameegemea nyuma kabisa kumpisha mwenzake, na mama mkwe ameinama mbele yake, anachungulia bahari, mkono ameuweka kwenye goti la mama yake.

"Ni mimi," akasema.

"Nilijua tu!" wakasema wote wawili kwa pamoja.

Wakamsema kilomita nzima. Kutembea kwake, kula kwake, mpaka anavyoegesha gari. Hajawahi kutukanwa akafurahi namna ile.

"Na hao watoto wakimfuata baba yao?" mama mkwe akauliza, sasa kwa wasiwasi wa kweli.

"Ndiyo maana tunakwenda wawili, mkwe mwenzangu," mama yake akajibu. "Mmoja hatoshi."