Bakuli la Da Afra

Neno lenyewe moja tu, resentment, na limemkalisha Taghreed mbele ya laptopu toka asubuhi, chai imepoa mpaka imeota ngozi.

Alisoma Urusi, sasa anafasiri riwaya za Kiingereza kwa Kirusi, yuko zake kwenye fleti mtaa wa Darsait. Riwaya hii ina mwanamke anayemchekea dada yake, kumbe moyoni kamfungia fundo. Taghreed kaandika zloba. Mhariri kamrudishia: zloba ni chuki ya kutaka kudhuru. Huyu anataka kumdhuru dada yake? Amua leo, kitabu kinakwenda kupigwa chapa.

Mlango ukagongwa. Afra, dada yake wa damu anayekaa ghorofa ya juu, na lile bakuli lake la maua, mkate wa kumimina bado moto. Miaka bakuli hilo linapanda na kushuka. Taghreed halirejeshi tupu hata siku moja; atatia halwa, atatia tende. Hulikabidhi mlangoni, akacheka, akashuka. Kukaa, hakai.

"Mbona umenuna, bibi Mrusi?"

"Nnatafuta neno. Mtu anakuchekea, na moyoni ana lake juu yako. Utamwitaje?"

"Ntamwita Taghreed."

Lo! Taghreed akamgeukia.

"Da Afra, mama kaumwa mwezi mzima, mie niko Urusi. Kila nikipiga simu, unanambia kalala. Nimefika, nimekuta matanga."

"Ulikuwa na mitihani." Afra akatazama bakuli. "Uongo. Nliogopa. Nliona nikikwambia tu, ndo keshakufa."

"Ungenambia."

"Ningekwambia. Na hizo tende zako, wallahi, zinanikwama. Bora ungenitukana."

Taghreed akageukia laptopu. Zloba unaweza kuwa nayo hata kwa dereva aliyekuchomekea barabarani Ruwi, humjui hakujui. Lakini Warusi wana obida: hiyo ni uchungu unaomwekea wako aliyekuumiza, unamngoja yeye mwenyewe aje aseme. Ndo maana bakuli hili hajampa mtu amrejeshee. Kila mara kapanda mwenyewe, kagonga mwenyewe.

Akafuta, akaandika obida, akatuma.

Kisha akautoa mkate akauweka sahanini, akaosha bakuli, akafungua friji. Tende zimo. Akaifunga.

"Leo utachukua tupu."

"Tupu hivi hivi?"

"Hivi hivi. Na huondoki sasa."

Afra akavuta kiti. "Basi tia chai nyengine, hiyo yako imeota ngozi."