Bondeni Kumejaa

"Kwanza lile neno halitamkwi ndani ya..."

"Litatamkwa, kaka, maana ndilo linalotulisha. Choo. Choo cha kulipia pale..."

"...ndani ya sebule ambayo baba yetu alipokea wafalme, dada, wafalme..."

"...pale nyuma ya soko, na mfalme pekee aliyewahi kuingia humu ni wa karata. Tena aliingia mara moja akatoka na shamba."

Kitinda alikuwa amesimama katikati yao na sinia la vikombe, anageuza shingo huku na huku kama anayetazama mpira. Upande mmoja Amu yake, kavaa koti la marehemu babu ambalo lilikuwa limebakiwa na kifungo kimoja, nacho kikijua kabisa kwamba kimeelemewa. Upande wa pili Shangazi yake, anapangusa viti kwa kitambaa ambacho nacho kilihitaji kupanguswa. Mgeni alikuwa njiani. Mgeni mwenyewe ni mama yake fundi saa, na fundi saa ndiye mwanamume aliyetaka kumuoa Kitinda, na Kitinda alimtaka fundi saa mpaka alikuwa akisikia saa yoyote inagonga anatabasamu peke yake.

Sasa, ugomvi haukuwa wa neno. Kitinda alilijua hilo. Ugomvi ulikuwa wa kiti. Pale chooni, mlangoni, kuna kiti cha plastiki, na anayekikalia siku zote ni Kitinda: anapokea hela, anatoa karatasi, anafoka maji yasimwagwe. Akiolewa, nani atakikalia? Amu hawezi, yeye ni mwinyi, hata kiberiti ananunua kimwinyi, ananyoosha kidole dukani na kusubiri kiberiti kije chenyewe. Shangazi naye ana pua nyepesi. Ndiyo maana Amu alikwishatoa tamko lake asubuhi: huyo mama akikunja pua hata mara moja, posa imekufa, na binti anarudi kitini. Mwenye macho aliona kwamba Amu alikuwa anaiombea dua hiyo pua.

Ili uwaelewe watu hawa, lazima ujue walikotoka. Babu mzaa babu alikuwa na milki nne. Minazini, yenye minazi mpaka ukichoka kutazama. Bondeni, kwenye mpunga. Mlimani, kwenye mbuzi. Na Kisimani, kwenye maji matamu ambayo watu walitoka mbali kuyafuata. Akaja babu, ambaye alipenda karata, ila karata hazikumpenda. Zikaenda moja moja. Kikabaki kipande kidogo nyuma ya soko ambacho hakuna mchezaji aliyekubali kukishinda, kwa sababu tayari wapita njia walikuwa wanakitumia kwa shughuli ambayo hawakuiombea ruhusa.

Babu akakitazama kile kipande, akawatazama watu wanaochuchumaa nyuma ya ukuta wake, akapata akili ya mwisho ya maisha yake. Akajenga. Milango minne. Na juu ya kila mlango, kwa rangi ya kijani, akaandika jina la shamba lililopotea, ili wanawe wasije wakasema hawana Bondeni.

Tangu siku hiyo ukoo huu haukuwahi kusema uongo. Amu akikaa kwa kinyozi anasema ngoja nikaangalie Mlimani, nasikia maji yamekatika, na watu wanampisha. Shangazi akiulizwa hali anajibu Bondeni kumejaa, Mungu mkubwa. Na mtu akiuliza ukoo unafanya kazi gani hasa, jibu ni moja, limerithiwa: sisi tunatimiza haja za watu.

Fundi saa mwenyewe aliujua ukweli wote. Siku ya kwanza alikuja mbio na saa ya ukutani kwapani, akamtupia Kitinda aishike, akapotelea Minazini. Alipotoka akakuta saa inagonga. Kitinda alikuwa ameitikisa tu. Yule bwana alikuwa ameifungua na kuifunga mwezi mzima, na pale pale akajua amekutana na mke. Ila yeye hakumwambia mama yake kitu. Alimwambia tu ni binti wa watu wenye mashamba, akaomba radhi kimoyomoyo.

Mama akafika. Watu wote mtaani walimwita Mwalimu, maana alikuwa mkuu wa shule mpaka alipostaafu, na kustaafu kulimkaa vibaya kama kiatu cha kuazima. Mwanawe alisema nyumbani sufuria zimepangwa mstari, fupi mbele, ndefu nyuma, na kuku wamezoea kuingia bandani wawili wawili. Aliingia sebuleni wima, mwanawe nyuma yake, akampa Amu mkono, akaugeuza, akaangalia kucha. Amu akaurudisha mkono mfukoni haraka kama mtoto. Mwalimu akakaa, akaweka mkoba wake mkubwa sakafuni, na mkoba ukalia kidogo, kama una kijiko ndani.

Chai ikamiminwa. Amu akaanza na babu mzaa babu, akapita juu ya karata bila kukanyaga chini, akatua kwenye milki. Mwalimu alisikiliza kikombe cha kwanza chote. Kwenye cha pili akauliza.

"Huko Bondeni mnalima nini?"

"Bondeni hatulimi, Mwalimu. Watu wanakuja wenyewe, kila mmoja anaacha alichonacho."

"Kwa hiari yao?"

"Wengine wanakuja mbio kabisa."

Mwalimu akatikisa kichwa kwa heshima. Akauliza kama ardhi ina rutuba, na Amu akasema kwa sauti nzito kwamba rutuba ya pale haina mfano. Shangazi akakohoa ndani ya kikombe. Fundi saa akaanza kukagua saa yake ya mkononi kana kwamba ameiona leo. Mwalimu akataka kujua habari za Kisimani, na Amu akaeleza, kwa masikitiko, kwamba Kisimani kumefungwa kwa sasa, kuna mgogoro wa komeo. Mwalimu akasema migogoro ya ardhi ndiyo hivyo, inaumiza watu wengi. Amu akakiri kwamba kweli, wapo walioumia, hasa waliokuwa na haraka.

Kitinda alisimama na birika. Mpaka hapo pua ya Mwalimu ilikuwa imenyooka kama rula. Lakini alijua uongo wa kweli tupu una mwisho wake, na mwisho wenyewe uko kwenye birika: kila kikombe kinachoingia lazima siku moja kitoke. Akaacha kumimina. Amu, kwa ukarimu wa kimwinyi, akamnyang'anya birika na kujaza cha tatu.

Kilipoisha, Mwalimu akapandisha mguu juu ya mguu. Akaushusha. Akapandisha wa pili. Kisha akamwinamia Shangazi na kuuliza kwa adabu msalani ni wapi.

Hapo Shangazi akamtazama Amu, Amu akatazama birika. Maana kinyozi hajinyoi. Choo cha nyumba ile kilikufa zamani, bomba lilipasuka, na Amu alikataa kulitengeneza akisema mwenye kisima hanunui maji. Ukoo mzima ulikuwa unakwenda sokoni, asubuhi na jioni, kwa mwendo wa kimwinyi.

"Twende Bondeni," Amu akasema.

"Sijaomba kwenda shamba, baba. Nimeomba kwenda msalani."

"Ndiyo. Bondeni."

Mwalimu akamtazama mwanawe. Mwanawe akatazama dari. Lakini haja haina subira ya kudadisi, kwa hiyo wakatoka, Amu mbele na koti lake, Mwalimu nyuma yake kwa hatua fupi fupi, Shangazi, fundi, na Kitinda mwisho akitembea kama anayekwenda kuzika. Wakapita kwa muuza mitumba, wakapita kwa wauza mkaa, wakakunja kona ya soko.

Hali waliyoikuta haisemeki. Kiti cha plastiki kilikuwa kitupu, juu yake kopo la hela na kibao alichokiandika Kitinda: *Tuko kwenye shughuli ya ukoo. Lipa mwenyewe, Mungu anakuona.* Mungu alikuwa ameona mengi, ila kopo lilikuwa halijaona kitu. Watu wamesongamana milangoni, muuza samaki anamsukuma dobi, dobi anadai alifika kabla ya jua, bomba la kunawia linamwaga na hakuna mkono chini yake. Na juu ya fujo hiyo yote, kwa kijani kilichopauka: MINAZINI. BONDENI. MLIMANI. KISIMANI, na kamba kwenye komeo.

Mwalimu akasoma mlango mmoja mmoja, midomo ikitembea. Kitinda akaona pua yake. Pua ilianza kusogea. Ikapanda. Amu naye aliiona, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyepona. Kitinda akafumba macho.

"Ashii," Mwalimu akapiga chafya, akajifuta. "Vumbi la mkaa." Na akaingia Bondeni.

Shangazi alianza kusema kwamba chafya si kukunja pua, Amu akasema kisheria ni jamaa yake. Wakiwa hapo hapo, mlango wa Mlimani ukafunguka, akatoka jamaa mmoja mnene, dereva wa lori, anafunga mkanda huku anaondoka zake. Wakati huohuo Bondeni kukafunguka.

"Wewe," akasema Mwalimu.

Hakupaza sauti. Yule dereva akaganda mguu mmoja hewani.

"Mikono."

Dereva akarudi bombani, akanawa, akageuza viganja aonyeshe, akanawa tena nyuma ya kucha. Muuza samaki akamwachia dobi bega. Dobi akasogea nyuma hatua moja. Hakuna aliyeambiwa kitu, lakini mstari ukajitengeneza wenyewe, wafupi mbele, warefu nyuma, na mzee mmoja wa mwishoni akavua kofia. Mwalimu akapita kando ya mstari taratibu, mikono mgongoni. Alipofika mwisho kopo lilikuwa linalia ngangara, kwa sababu kila aliyemtazama alikumbuka hajalipa.

Kitinda hakuwahi kuona kitu kama kile, na alikuwa amekaa pale miaka. Akamwendea, akapiga magoti kidogo, akasema yote bila kupumua: kwamba haya ndiyo mashamba, mengine hakuna, kwamba kile kiti ni chake yeye, kwamba fundi alijua na kosa si lake, na kwamba kama Mwalimu anataka kuondoka yeye atamsindikiza mpaka barabarani bila kinyongo.

Mwalimu akamwinua. Akamshika mkono, akaugeuza. Kucha zilikuwa safi.

"Mwanangu akikosa kumuoa huyu nitamwadhibu," akamwambia Amu, huku bado ameshika ule mkono. "Hilo limekwisha, tusilirudie. Ila na mimi, Bwana Mkubwa, nina haja."

Amu alikuwa amechanganyikiwa, pua aliyoitegemea imemwangusha, kiti kimebaki yatima, na katika hali hiyo mdomo wake ukajiendea ulikozoea.

"Kubwa au ndogo?"

"Kubwa," akasema Mwalimu, na kwa mara ya kwanza tangu afike sauti yake ikalegea kidogo. Akainama, akafungua mkoba, na kile kilicholia sebuleni kikalia tena. "Naomba mniachie kile kiti. Kengele ninayo yangu."