Nyoka Aliyesubiri Zamu Yake

Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, saa nane mchana, ndipo mambo ya Luka yalipoharibika yote kwa mpigo. Mkewe Melania alikuwa shambani, upande wa Kishapu, akikusanya mabua ya pamba ya msimu uliopita ayachome moto, akamkanyaga swila. Alipiga ukelele mmoja tu. Luka alipofika, mguu ulikuwa umeshaanza kuvimba, na nyoka ameshaingia zake kwenye kichuguu.

Walimpakia kwenye pikipiki ya jirani, Luka nyuma amemkumbatia, mpaka kituo cha afya. Na dawa ilikuwepo. Hilo ndilo lililomkaba Luka kooni tangu siku hiyo. Kama dawa isingekuwepo, angesema nchi yetu ni maskini, basi. Lakini ilikuwepo, ndani ya friji, na friji ilikuwa na kufuli.

Nesi alisema ufunguo anao mganga mfawidhi. Mganga mfawidhi alikuwa barabarani na watumishi wenzake wanapunga vibendera, kuna mkubwa anapita. Alipopigiwa simu akasema ufunguo ameuacha kwa mtunza stoo. Mtunza stoo akasema ameuacha kwa mlinzi. Mlinzi akasema yeye analinda geti, mambo ya friji anayajulia wapi. Mwishowe Luka alichukua jiwe akalivunja kufuli mwenyewe, lakini kufikia hapo Melania alikuwa hatamki neno. Jua halijazama, akafa, vichupa vya dawa vimepangwa pale mbele yake kama mayai.

Baada ya mazishi Luka aliuliza. Alimuuliza mtendaji, akaambiwa nenda kwa diwani. Diwani akamwambia hilo ni la wilaya. Wilayani waliunda kamati, kamati ikaja na gari, ikala wali na kuku, ikaandika andika, ikaondoka na haikurudi. Luka aliishia darasa la nne, lakini hilo hakuhitaji shule kulielewa. Wakubwa wa nchi hii ukiwauliza swali wanakuonyesha mlango wa mwenzao, unazunguka mpaka unachoka, na kuchoka kwako ndiyo jibu.

Akabaki na mtoto mmoja, Ritha, binti mkubwa tu, mwenye kazi yake ya kutengeneza simu kule Rwamgasa, kwenye machimbo ya Geita. Ritha alikuja kumzika mama yake, hakulia hata tone, akarudi kazini. Mwanzoni alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Kisha ikawa mara moja moja. Kisha ikawa Luka ndiye anapiga, na Ritha anajibu "Nzuri, baba," "Nimekula, baba," na nyuma yake kunasikika muziki wa ajabu ajabu, vinanda na filimbi, kama kuna harusi ya watu wasiojulikana.

Ndipo siku moja Herman akamfuata nyumbani. Herman ni muuza mitumba wa minadani, leo yuko Kishapu, wiki ijayo yuko Geita, na maneno anayabeba pamoja na marobota yake.

"Baba Ritha, mimi sikuletei ya kuambiwa," Herman alisema. "Nimesikia kwa masikio yangu. Nilipita dirishani kwa mtoto, nikamsikia anasema, 'Mama kaumwa. Mama ana sumu. Mpeni mama dawa.' Na watu wanamwitikia humo ndani."

"Watu gani?"

"Sikuchungulia. Mtu mzima mimi, nichungulie dirisha la mtoto wa mwenzangu?"

"Lakini kusikiliza ulisikiliza."

"Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu."

"Herman, wewe maisha yako yote unavaa kandambili."

Herman aliangalia miguu yake, akaona ni kweli.

Luka alicheka kidogo, lakini usiku ule hakulala. Alijua kilichotokea, au alidhani anajua. Msiba wa Melania haukufungwa inavyotakiwa. Siku za kukaa na ndugu na kuwataja wazee wa ukoo, yeye alikuwa kwenye mabenchi ya ofisi za watu anasubiri aitwe. Sasa masamva, wazee waliotangulia, wamemkamata mtoto. Anaongea na marehemu. Anajibiwa. Mke alimpoteza kwa ajili ya ufunguo, na huyu mmoja aliyebaki anakwenda vilevile, akili kwanza.

Akasaga unga wa mtama wa kunyunyiza, akachukua na kanga moja ya Melania, na fuko la michembe, viazi vikavu ambavyo Ritha alivipenda tangu utoto. Alikusudia kumwita Melania kwa jina, amwombe amwachie mtoto, kisha amrudishe Ritha nyumbani hata kwa kumfunga kamba.

Alifika Rwamgasa mvua inanyesha, mchana. Maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, yalikuwa yamejaa maji, kwa hiyo wachimbaji hawakushuka. Walikuwa wametapakaa kwenye vibaraza, udongo mwekundu umewafika magotini. Karasha, mashine za kusagia mawe, zilikuwa kimya. Luka akaulizia fundi simu Ritha, akaonyeshwa chumba cha mabati chenye dirisha dogo.

Akiwa bado nje, akaisikia sauti ya mwanawe.

"Mama ameumwa na nyoka tena. Anaishiwa. Chacha, usipige kwanza. Mama kwanza."

Luka akafungua fuko la unga, akachota kwa vidole vitatu, akausukuma mlango kwa bega.

Ndani walikuwa watu watatu wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, wanaangalia televisheni. Mmoja alikuwa jibaba la Kikurya lenye kovu shavuni, huyo ndiye Chacha. Wa pili alikuwa mama wa makamo anayeitwa Sikujua, mpika chakula wa wachimbaji, mwiko bado uko mkononi. Katikati yao alikuwa Ritha, ameshika ile padi ya kuchezea gemu. Na kwenye kioo cha televisheni alikuwepo nyoka mkubwa wa kijani ameinua kichwa, anayumba kushoto, anayumba kulia, na mbele yake wamesimama vijana wanne wadogo wenye nywele kama majani ya mkonge.

Ritha aligeuka, akamwona baba yake mlangoni, ameloa, unga vidoleni.

Hakushtuka. Aliweka padi juu ya ndoo, akaja, akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo kama alivyofundishwa na mama yake.

"Mwadila, baba."

"Mwadila," Luka aliitikia, kwa sababu mdomo ulizoea.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Mmeamkaje huko?"

"Tumeamka."

"Mvua imenyesha?"

"Kidogo."

"Ng'ombe?"

"Wapo. Yule mwekundu amezaa."

"Shangazi mguu wake?"

"Anatembea sasa."

Salamu za Kisukuma hazina njia ya mkato. Ritha aliuliza nyumba moja baada ya nyingine, jirani baada ya jirani, na Luka akajibu moja baada ya nyingine, na kadiri alivyojibu ndivyo alivyomtazama machoni. Macho yalikuwa yake yaleyale. Mwenye kukamatwa na masamva haulizi habari za mguu wa shangazi.

Ila kuna kitu kilimsumbua pembeni ya jicho. Yule nyoka. Muda wote huo alikuwa pale, ameinua kichwa, anayumba kushoto, anayumba kulia, wala hapigi.

"Huyo nyoka," Luka alisema mwishowe. "Mbona hafanyi kitu?"

"Anasubiri, baba. Si zamu yake."

"Anasubiri mpaka lini?"

"Mpaka sisi tuamue. Hata tukienda kula tukarudi, tutamkuta hivyohivyo."

Luka akakaa chini kwenye kizingiti.

Sikujua alimletea ndoo. "Kaa juu, Baba Ritha, huko kunalowesha. Hilo ni gemu la Wajapani. Limeandikwa Kiingereza, binti yako ndiye anatusomea. Anageuza Kiswahili, akichangamka anageuza Kisukuma. Mie bila yeye nisingejua hata mmoja wao analia nini."

"Na mama?" Luka aliuliza. "Nimesikia mnamwita mama."

Ritha alionyesha kwa kidole kijana mmoja kati ya wale wanne, mwanamke mwenye joho jeupe na fimbo. Chini ya picha yake yalikuwepo maandishi, na Luka, wa darasa la nne, akayasoma herufi kwa herufi. Melania.

"Gemu linakuruhusu kuwapa majina," Ritha alisema. "Huyu ndiye mganga wao. Nikampa la mama."

"Yule kibonge mwenye shoka ni mimi," Chacha alisema. "Lakini hawaniachi nipige."

"Kwa sababu ukipiga unakufa, kisha unatununia sisi," Ritha alisema.

"Ninunie nani? Mimi nina subira kuliko wote humu."

Sikujua aliguna tu.

Luka alikuwa bado anamwangalia yule mwanamke wa joho jeupe. Uso wake umekuwa wa zambarau, na kila mara kiputo kidogo kinapanda juu ya kichwa chake.

"Ana nini?"

"Sumu," Ritha alisema. Kisha polepole, "Fungua mfuko wake, baba. Njoo nikuonyeshe."

Alimwekea padi mikononi. Vidole vya Luka vilizoea jembe, vikaibana kama vinazuia kifaranga. Ritha akamwelekeza, hapa, tena hapa, na mfuko ukafunguka, na ndani ya mfuko kulikuwa na chupa ndogo ya kijani, na haikuwa na kufuli.

"Hii ni dawa ya nyoka?"

"Ndiyo."

"Mmeipata wapi?"

"Dukani. Kila kijiji humu kina duka, na kila duka lina hiyo dawa. Ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote."

Luka alitaka kuuliza serikali ya huko inaongozwa na nani, na wanapataje watu kama hao. Lakini mgonjwa alikuwa anangoja. Akaangalia nyoka. Nyoka akayumba kushoto, akayumba kulia. Hakuna aliyemwambia wahi, hakuna aliyemwambia subiri nje, hakuna msafara uliopita. Akabonyeza.

Mwanga mdogo ulimshukia Melania, uso ukarudi rangi yake, akainua fimbo yake.

Mvua iliendelea kupiga bati. Ndipo Luka akasikia kitu ambacho hakukisikia hata siku ya mazishi. Ritha analia. Si kilio cha wazimu. Alilia vile watu wanavyolia wakifika nyumbani, pua inachuruzika, anajifuta kwa mkono wa blauzi, na katikati ya kulia anacheka.

"Kila siku nampa," alisema. "Kila siku anapona. Najua ni katuni, baba. Najua. Lakini kila siku anapona."

Luka alimshika kichwa, akakiegemeza begani kwake. Kifua chake kilifunguka kama gunia lililokatwa kamba. Mtoto yupo. Mtoto ana akili zake, ana watu, ana mahali pa kuliweka hilo jambo. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa amelibeba mabegani ofisi kwa ofisi.

Chacha alikohoa, akaangalia pembeni. "Mie nilikuwa nawacheka," alisema. "Mpira ndio gemu, nilisema. Halafu nikakaa siku moja. Kule chini kwenye duara, Baba Ritha, mwamba haumsubiri mtu. Ukisikia matimba yanalia, yale magogo ya kushikilia, umeshachelewa. Na unaweza kupiga jiwe msimu mzima usione hata punje. Humu ukipiga, unaongezewa. Hata ukiua kidudu, unaongezewa kidogo nguvu. Hawamdhulumu mtu."

"Mie napenda nyumba za wageni za humu," Sikujua alisema. "Unaingia umeumia, unalala, asubuhi wote wazima. Mzigo gani huo umebeba?"

Luka aliuangalia unga wa mtama kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza.

"Unga," alisema.

"Wa nini?"

Alifikiri kidogo. "Wa uji."

"Lete basi. Na hiyo ni michembe? Lete yote."

Wakanywa uji, wakatafuna michembe, kisha wakarudi kwa nyoka, ambaye alikuwa bado anasubiri. Walimmaliza kwa zamu, na Chacha wakamwachia pigo la mwisho ili asinune. Vijana wanne wakaongezewa nguvu, muziki ukapiga, wakatembea mpaka mji mwingine. Luka alikataa kurudisha padi.

Mbele kulikuwa na lango kubwa. Akalisukuma, likakataa.

"Limefungwa," Ritha alisema. "Panatakiwa ufunguo."

Luka alilisukuma tena. "Na ufunguo anao nani?"

"Hatujui bado. Unawauliza watu wa mji. Unazunguka, unamuuliza kila mmoja, na kila mmoja anakujibu. Yupo tu atakayejua."

"Hawakufukuzi?"

"Ukiwauliza mara kumi, wanakujibu mara kumi."

Luka akazunguka. Akamuuliza mfua chuma, akajibiwa. Akamuuliza mwanamke wa kisimani, akajibiwa. Ritha anasoma, sauti anazibadilisha, huyu mnene, huyu mwembamba, na Sikujua anacheka mpaka uji unamwagika. Mwishowe akafika kwa bibi mmoja aliyekaa mbele ya nyumba yake na paka. Bibi akasema, bila kuomba barua wala kitambulisho, kwamba ufunguo alikuwa nao mlinzi wa zamani, akauficha chini ya kisima, na sababu ya kuuficha ni hii na hii.

Ritha alimaliza kusoma. Luka hakubonyeza. Alimtazama yule bibi muda, na bibi akamtazama yeye, mwenye subira, paka anapepesa mkia.

"Hebu muulize na ule wa kwetu," Luka alisema. "Ule wa friji. Mwambie Jumanne ile, saa nane. Ulikuwa na nani?"