Nta Iliyofuka Moshi

Asubuhi ya mtihani wa Loretta, saa mbili na robo, Derna alikuwa akifuta meza yake ya kazi kitambaa kilipogonga tone la nta lililogandia kwenye marumaru. Alilibonyeza kwa ukucha, kwa mazoea tu. Nta nzuri hukunjika kabla ya kukatika. Hili lilivunjika likawa unga, kama sukari iliyoungua.

Jumanne. Mungu wangu, Jumanne.

Siku hiyo ya Jumanne Derna alikuwa kwenye simu akigombana na wifi yake, Palmira, juu ya nani ampeleke mama mkwe kwa daktari wa macho. Nta ya nyuki na utomvu wa msonobari vilikuwa jikoni vikiyeyuka kwenye moto mdogo. Aliporudi, mchanganyiko ulikuwa unafuka moshi. Mji mzima wa Castelfidardo, mji wa mafundi wa kodiani, unajua kwamba nta iliyofuka moshi imekufa, na dawa yake ni kuimwaga. Derna aliitia bonge la nta mpya, kama mpishi anayeongeza maji kwenye mchuzi uliozidi chumvi, akaendelea na kazi. Na kazi yenyewe ilikuwa kodiani ya binti yake Loretta, kinanda chake cha mvukuto.

Miaka ishirini na sita alikuwa akibandikia watu ndimi za kodiani. Ndimi hizo za chuma hukaa mbili mbili kwenye vibamba vidogo, vibamba hupangwa kwenye vibao, na kinachovishika pale ni nta peke yake. Ikivunjika, kibamba hulegea na noti hukoroma. Vibao viwili vya Loretta vilikuwa na nta ya Jumanne. Mtihani wa kuingia chuo cha muziki ulikuwa mjini Ancona, saa kumi alasiri. Basi lilikuwa saa nane.

Alifungua kodiani. Akaifunga. Akaenda dirishani, akarudi, akaifungua tena. Labda itashika. Aligusa kibamba cha kwanza kwa kidole gumba, kikacheza kama jino la mtoto.

Nta nyingine hakuwa nayo. Kulikuwa na nyumba moja ya karibu yenye nta ya kuaminika, na heri angekwenda kuomba chumvi kwa adui.

"Wifi!" Palmira alisema mlangoni pake, kikombe cha kahawa mkononi. "Leo jua limechomoza wapi?"

"Nipe nta."

"Ngoja nikae kwanza, nisije nikaanguka. Derna anaomba nta?"

"Ya kwangu ilifuka moshi."

"Na wewe ukaimwaga."

Derna alichungulia jikoni, akitafuta sufuria ya nta.

"Hukuimwaga!" Palmira aliweka kikombe chini. "Kazi ya nani?"

"Ya Loretta."

Hapo Palmira hakucheka. Alichukua sufuria yake ya nta, kijiko chake cha chuma chenye mdomo mwembamba kama wa buli, akavaa viatu. "Twende. Matusi nitakutukana njiani."

Na alimtukana, kupanda kilima chote.

Waling'oa vibamba kimoja kimoja na kuvipanga mezani kwa mfuatano wake, kwani kikihama nafasi noti nayo imehama. Derna alikwangua nta mfu, akijihadhari asiguse vipande vya ngozi vinavyofunika ndimi. Palmira alimimina. Kijiko chake kilipita pembeni mwa kibamba bila kusita, mstari mmoja, maana mkono ukisimama katikati nta huacha ufa na pumzi hupenya.

"Unamimina kama unamwagilia maua," Derna alisema. "Harakisha."

"Na wewe unakwangua kama unaparua samaki. Nyamaza, mama mwenye haraka. Haraka ndiyo iliyotufikisha hapa."

Saa nne Loretta aliingia, nywele mbichi, akaona kodiani yake imelala tumbo wazi.

"Mama! Mnafanya nini?"

Derna alikuwa na jibu tayari: tunaikagua tu, nenda kanywe chai. Palmira alimtazama, kijiko hewani.

"Niliunguza nta," Derna alisema. "Nikaitumia hivyo hivyo. Najua nilichofanya."

"Ulijua tangu Jumanne?"

"Nilijua."

Loretta alisukuma nywele nyuma ya masikio. Akavuta kiti. "Nipeni kisu nikwangue."

"Wewe linda vidole vyako," shangazi yake alisema. "Kaa utusomee saa."

Aliwasomea, kwa ukali, kama mlinzi wa gereza. Saa tano. Sita na nusu. Saba na dakika arobaini. Kibao cha kwanza kilikwisha, cha pili kilibaki na vibamba sita vya noti nzito, bado vikiwa na nta ya Jumanne.

"Niwapigie simu," Derna alisema. "Niseme una homa."

"Uongo wa pili wiki hii?" Loretta alisimama. "Funga. Naenda."

Palmira aliwatilia kwenye mfuko mkate, jibini, kipande cha nta na chuma chembamba cha kulainishia nta.

Ancona, kwenye ujia nje ya chumba cha mtihani, Derna hakuweza kukaa. Alihesabu vigae vya sakafu, akapoteza hesabu, akaanza upya. Ndani Loretta alipiga vizuri, mvukuto ukivuta pumzi ndefu. Kisha wimbo ukashuka kwenye noti nzito. Ya kwanza ikaimba. Ya pili ikakoroma kama mzee usingizini.

Kodiani ilinyamaza.

"Samahani," sauti ya Loretta ilisikika. "Kibamba kimelegea. Mama yangu yuko nje, anaweza kukirudisha. Naomba dakika kumi."

Mlango ulifunguliwa. Maprofesa watatu walimtazama mwanamke aliyebana mfuko wa mkate kifuani.

"Mwenye kiberiti nani?" Derna aliuliza.

Profesa mwenye kipara alitoa kiberiti cha gesi. Derna alipiga magoti, akachomoa pini za mvukuto, akatoa kibao. Alipasha chuma kwenye mwali, akayeyusha nta.

"Nani aliyeibandika hii?" profesa aliuliza, akiinama.

"Mimi. Na usisimame hapo, unaniziba mwanga."

Mkono ulitaka kukimbia. Aliuzuia. Alivizungushia nta vibamba vyote sita, polepole, mstari bila kusita, akapuliza, akangoja igande, huku watu wazima watatu wakitazama saa zao. Kisha akarudisha pini na kusogea ukutani. Hakuna aliyemwambia atoke.

"Tangu mwanzo," alisema profesa.

Loretta alianza tangu mwanzo. Wimbo uliposhuka kwenye noti nzito hakuzikwepa wala hakupunguza pumzi. Alizikandamiza zote sita kwa nguvu zake zote, moja baada ya nyingine, macho yake yakiwa yamemkazia mama yake.

Zikaimba. Derna hakuinamisha uso hadi ya mwisho ilipokwisha.